Kabla ya kulaumu minyoo, iulize simu

Ndugu mzazi, mtoto anasinzia darasani. Umempima malaria, hana. Umempa dawa ya minyoo, bado. Hebu iulize simu yake usiku inazimwa saa ngapi.

Kama ni ya Android, ipo programu ya Google iitwayo Family Link, tangu mwaka 2017, tena haina malipo. Iweke kwenye simu yako, iunganishe na akaunti ya mtoto. Utapanga simu yake ijifunge baada ya Isha mpaka asubuhi, na asipakue programu mpya bila idhini yako. Neno la siri lisiwe jina lake!

Lakini tusidanganyane: haikuonyeshi anachotumiwa WhatsApp. Hapo kaa naye, muulize. Na chaja ihamie chumbani kwako.