Tausi Si Pambo la Uani

Mwezi Mei 2020, katika sherehe ya kuweka jiwe la msingi la ujenzi wa Ikulu ya Chamwino, Rais John Magufuli aliwazawadia tausi marais wastaafu pamoja na Mama Maria Nyerere. Mwaka uliotangulia, Rais Uhuru Kenyatta wa Kenya alikuwa amepewa tausi wanne. Ndege aliyezoeleka kutazamwa kwa mbali katika bustani za Ikulu akawa sasa anafikiriwa kuwa anaweza kukaa katika ua wa mtu yeyote mwenye uwezo.

Kumtamani tausi si kosa. Lakini mwalimu au mtumishi wa Bulyaga anayetaka kutoa mshahara wake kwa ajili ya ndege huyo hana budi kutazama kwanza ardhi anayoikanyaga. Tausi wa buluu kwao ni India na Sri Lanka, na sehemu kubwa ya makazi yake hupata miezi mingi ya ukavu. Tukuyu hupata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka. Baridi peke yake ndege mzima huivumilia; unyevu ndio adui, hasa kwa vifaranga.

Adui wa pili ni kuku. Hapa wengi hukosea, maana humwona tausi kuwa ni kuku mkubwa aliyevaa vizuri. Kuku wa kienyeji hubeba tumboni minyoo midogo, na ndani ya mayai ya minyoo hiyo hukaa kijidudu kinachoshambulia utumbo na ini. Kuku mwenyewe mara nyingi haonyeshi dalili yoyote. Tausi huweza kufa. Nyungunyungu nao huyameza mayai hayo na kuyahifadhi udongoni, na ni nani asiyejua wingi wa nyungunyungu katika udongo wa Rungwe? Mtu anayemwachia tausi wake achakure migombani pamoja na kuku wa jirani amekwisha kuitupa fedha yake.

Kwa hiyo atengewe mahali pake pasipopitiwa na kuku, banda la paa lisilovuja na sakafu kavu, lililo refu kiasi cha kumwezesha dume kutandaza manyoya, na lenye mti wa juu wa kulalia. Bwana mifugo aulizwe dawa ya minyoo kabla ya ugonjwa, na ofisi ya wanyamapori iulizwe kuhusu kibali kabla ya kununua. Majirani nao waambiwe mapema, maana sauti ya dume alfajiri haina uzuri wowote.

Yapo pia mambo ya kuwafaa wanafunzi. Manyoya yale marefu si mkia, bali huota juu ya mkia, nayo huanguka yenyewe kila mwaka. Anayemnyonyoa ndege ana pupa tu. Hata ile buluu si rangi iliyomo ndani ya unyoya, bali hutokana na jinsi mwanga unavyopigwa na umbo lake. Unyoya ukisagwa, hubaki unga wa kahawia.

Dume huchukua kama miaka mitatu kukamilisha manyoya hayo. Asiyeweza kulitunza banda kavu kwa masika matatu mfululizo, abaki na kuku wake.