Sepsisi ya mkojo ICU: Kipimo cha damu kinajibu swali gani hasa?

UTI tumeizoea. Mtu anapima mkojo, anapewa dawa, maisha yanaendelea. Lakini kwa mgonjwa aliyelazwa ICU, maambukizi hayohayo yanaweza kugeuka sepsisi: mwili unapambana na vijidudu mpaka unaanza kuumiza viungo vyake wenyewe. Presha inashuka, figo zinagoma.

Utafiti uliochapishwa kwenye jarida la Lancet mwaka 2020 ulikadiria kuwa sepsisi ya aina zote iliwapata watu milioni 48.9 duniani mwaka 2017, na milioni 11 walifariki. Takriban asilimia 85 ya wagonjwa walikuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani nchi kama zetu.

Ndiyo maana vipimo vya damu vya kuigundua mapema vinapigiwa debe sana. Je, vinaweza kufanya nini, na nini haviwezi?

Mkojo peke yake hautoshi

Wagonjwa wengi ICU huwekewa mpira wa mkojo. Kila siku unapokaa, uwezekano wa kupata bakteria kwenye mkojo huongezeka kwa asilimia 3 hadi 7. Ukipima mkojo wa mtu aliyekaa na mpira wiki kadhaa, bakteria utawakuta tu, hata kama si wao wanaomuumiza. Huenda homa inatoka kwenye mapafu.

Kuotesha damu maabara kunaweza kuonyesha kijidudu chenyewe, lakini jibu huchukua siku moja hadi tatu. Mgonjwa hana siku hizo.

Damu inasema nini?

Kipimo kinachotajwa sana ni prokalsitonini. Kwa mtu mwenye afya, kiwango chake kwenye damu ni kidogo mno. Bakteria wakivamia mwili, hupanda ndani ya saa chache. Dawa ikifanya kazi, hushuka kwa takriban nusu kila siku. CRP, inayotengenezwa na ini, hupanda taratibu zaidi. Lakteti ikipanda, mara nyingi ni dalili kwamba viungo havipati oksijeni ya kutosha.

Tatizo ni kwamba hakuna hata kimoja kinachosema maambukizi yameanzia wapi. Ni kama king'ora cha moto: kinalia, ila hakikwambii chumba gani kinaungua. Na kinaweza kulia bila bakteria. Prokalsitonini hupanda pia baada ya upasuaji mkubwa, ajali au kuungua, na hata kwa malaria kali. Hilo la malaria linatuhusu moja kwa moja.

Kwa sababu hiyo, mwongozo wa kimataifa wa tiba ya sepsisi wa mwaka 2021 unashauri prokalsitonini isitumike kuamua kuanza antibiotiki. Presha ikiporomoka na sepsisi ikishukiwa, dawa zianze ndani ya saa moja. Kusubiri majibu ya kipimo hapo ni kucheza na roho ya mtu.

Faida iko kwenye kuacha dawa

Utafiti wa ADAPT-Sepsis ulifanyika katika ICU 41 za Uingereza, kwa wagonjwa 2,760 wenye sepsisi, na matokeo yakatoka Desemba 2024. Waliofuatiliwa kila siku kwa prokalsitonini walitumia antibiotiki kwa wastani wa siku 9.8, dhidi ya 10.7 kwa wenzao, bila vifo kuongezeka. CRP haikupunguza siku za dawa.

Siku moja pungufu inaonekana ndogo. Lakini mwaka 2019 usugu wa bakteria dhidi ya dawa ulikadiriwa kuua moja kwa moja watu milioni 1.27, na Afrika kusini mwa Sahara ndiyo iliyoumia zaidi kwa uwiano wa watu. Kila dozi isiyohitajika inaongeza tatizo hilo.

Kwetu ina maana gani?

Hospitali yenye bajeti ndogo isianze na mashine ya prokalsitonini. Ianze na maabara inayoweza kuotesha damu na mkojo, na ultrasaundi ya kuona kama jiwe au tezi dume imeziba njia. Mkojo ukiwa umeziba, antibiotiki peke yake haitoshi. Lazima njia ifunguliwe. Na kutoa mpira usiohitajika tena hakuhitaji mashine yoyote.

Kama una ndugu ICU, una haki ya kumuuliza daktari mambo mawili: mpira huu bado unahitajika? Na kipimo hiki tunachokilipia leo, majibu yake yatabadilisha nini kwenye matibabu? Jibu likiwa "kitatusaidia kujua lini tusimamishe dawa," hiyo ni sababu nzuri ya kukilipia.