Si kila nzi ni adui yako

Wahenga walinena kwamba nzi kufa juu ya kidonda si haramu. Kwa methali hiyo na nyingine nyingi tumezoea kumjua nzi kama mdudu wa vidonda, jalala na choo. Ndiyo maana, ndugu msomaji, ukiona chochote chenye mabawa mawili kikipita dirishani, mkono huenda moja kwa moja kwenye kopo la dawa. Leo nakusihi uuzuie mkono huo kidogo, kwani wapo nzi ambao kazi yao ni kuwinda nzi wenzao.

Chukua mfano wa Kalobeyei, katika Turkana Magharibi, makazi yaliyofunguliwa mwaka 2016 karibu na Kakuma ili wakimbizi na wenyeji waishi pamoja. Nchi ile ni kavu na jua lake ni kali, na mazingira ya namna hiyo ndiyo hasa anayoyapenda nzi ambaye Wazungu humwita nzi jambazi. Jamii yake ina aina zaidi ya 7,000 duniani. Ana macho makubwa, miguu yenye miiba, na ndevu ngumu usoni zinazomkinga windo linapojitupatupa. Hukaa juu ya kijiti au jiwe, akitazama. Mdudu akipita, huchomoka na kumnasa hewani, kisha humdunga mate yenye sumu ambayo humlegeza na kuyeyusha nyama zake za ndani. Baadaye humfyonza kama mtu anywaye uji kwa mrija. Watu hana haja nao, wala chakula chao. Aghalabu humdunga yule tu anayemshika mkononi.

Uwindaji huo si wa kubahatisha. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, walieleza habari za nzi mmoja wa jamii hii mwenye urefu wa milimita 6 hivi. Waligundua kwamba hamkimbilii mdudu pale alipo, bali huelekea pale watakapokutana, na akibakiza kama sentimita 30 hupunguza mwendo ili amnase barabara.

Wapo na wengine. Katika bustani ndogo za mboga, kama zile za Kalobeyei, huonekana nzi wenye mistari ya manjano wanaoelea hewani juu ya maua kama nyuki. Funza wa aina nyingi za nzi hao hula vidukari wanaonyonya majani ya sukuma wiki na kunde. Tena yuko nzi anayefuata makundi ya nzige wa jangwani na kutaga mahali wanapotaga, ili funza wake wale mayai ya nzige mchangani. Walioona nzige waliovamia Turkana mwaka 2020 watajua thamani ya mlaji wa namna hiyo.

Hata hivyo, tusidanganyane. Mwindaji hupunguza, hamalizi. Nzi jambazi hachagui. Leo hula nzi wa jalalani, kesho hula nyuki. Hawezi kuilinda afya ya mtoto wako peke yake.

Na afya ya mtoto ndilo jambo lenyewe hasa. Turkana ni miongoni mwa sehemu za Kenya zilizosumbuliwa kwa miaka mingi na trakoma, ambayo wengine huiita vikope. Vijidudu vyake huenezwa kwa vidole, kwa nguo za kujipangusia, na kwa nzi wanaotua machoni mwa watoto wenye tongo. Mtu akiambukizwa mara nyingi, kope hujipinda ndani na kukwaruza mboni, na mwisho wake ni upofu. Nzi mkuu wa macho hupenda kutaga katika kinyesi cha binadamu kilichoachwa wazi ardhini. Ndani ya choo cha shimo hazaliani vyema.

Je, tunyunyize dawa kila mahali? Ni kweli kwamba dawa huua. Katika utafiti uliofanywa Gambia na kuchapishwa mwaka 2004, dawa ilipunguza nzi machoni mwa watoto kwa asilimia 88, na vyoo kwa asilimia 30. Lakini dawa ikikoma, nzi hurudi, ilhali choo hubaki siku zote. Isitoshe, dawa ya kumwagwa ovyo nje haimjui rafiki wala adui. Nzi wa nyumbani, wakati wa joto, hutoka yai hadi kuruka kwa siku 10 hivi. Nzi jambazi aghalabu hukaa ardhini akiwa funza kwa mwaka mzima au zaidi. Ukiwaua wote leo, ni nani atakayerudi kwanza? Bila shaka ni yule mchafu, naye atarudi akute mwindaji wake hayupo.

Kwa maoni yangu, basi, wanaopanga afya katika Turkana na katika miji yetu wahesabu vyoo kabla ya kuhesabu makopo ya dawa. Dawa ya kuta za ndani dhidi ya mbu, ikipigwa na wataalamu, iendelee, na vyandarua vitumike. Kinachofaa kukomeshwa ni tabia ya kupulizia dawa maua, ua na bustani kwa sababu tu kuna kitu kinachoruka.

Nawe msomaji, mtoto aoshwe uso kila siku, hata kama maji ni kikombe kimoja. Kinyesi cha mtoto mchanga kitiwe chooni, si nyuma ya nyumba. Funika tundu la choo. Taka za jikoni zizikwe au zifunikwe. Vidukari wakiingia mboga, jaribu kwanza maji ya sabuni, ukiwanyunyizia wao tu.

Ukishafanya hayo, nzi watakaobaki watakuwa wachache, na wawindaji wetu wataweza kupambana nao. Lakini tukiacha uchafu ujae na kutegemea kopo, tutakuwa tunawalea nzi wa kidonda na kuwaangamiza wale ambao wangetusaidia. Watakaolipa gharama ya kosa hilo ni watoto, na watalipa kwa macho yao.