Bei Ipande, Kipimo Kisiguswe

Nataka kujibu neno ambalo nimelisikia mara nyingi kwa wanafunzi wanaopita dukani kwangu hapa Ruziba, wakirudi kutoka shule. Wao husema ya kuwa sisi wenye maduka ni wezi, kwa sababu jana mchele ulikuwa na bei hii na leo una bei nyingine, hali gunia ni lile lile, limesimama pale pale mlangoni. Nami nilikaa katika madawati hayo hayo nikasema maneno kama hayo. Leo nipo upande wa pili wa meza. Nakubali kwamba wezi wamo kati yetu, ila wanafunzi wanawatafuta mahali wasipokuwapo.

Kwanza habari ya gunia. Mwenye duka hana ruhusa ya kula faida yake mpaka amekwisha nunua mali nyingine ya kujaza mahali pa ile aliyouza. Tuseme nimenunua gunia kwa faranga 150,000, nikaliuza lote kwa 165,000. Katika daftari nimepata faida ya 15,000. Lakini nikifika mjini kwa mwenye duka la jumla nikakuta gunia limekuwa 175,000, zile fedha zangu zote hazitoshi, na faida imegeuka kuwa upungufu wa 10,000 kabla sijalipa nauli wala mchukuzi. Afanyaye biashara hivyo safari tano au sita atajikuta amebaki na nusu gunia, na baadaye amebaki na mlango. Kwa hiyo yafaa bei ipande hata kwa gunia la zamani.

Wala mambo haya hayakuanzia Ruziba. Mwezi wa Mei 2023 Benki ya Jamhuri ya Burundi ilishusha thamani ya faranga yetu: dola moja, iliyokuwa ikibadilishwa rasmi kwa faranga 2,000 na kidogo, ikafika karibu na 2,800, na njiani, kwa wabadilishaji wasio rasmi, ilikuwa imekwisha pita hapo zamani. Mwezi uliofuata noti za 5,000 na 10,000 za toleo la zamani ziliondolewa, watu wakapewa siku 10 kuzipeleka benki. Nakumbuka wanunuzi waliokuja siku zile kutaka vitu wasivyovihitaji, kusudi noti zitoke mikononi mwao. Nami asubuhi nilizipokea, jioni nikazikataa. Tena kuna petroli, ambayo kwa miaka kadhaa sasa hupatikana leo na kukosekana kesho. Gari lisipokuja, mchukuzi ndiye mwenye kutaja bei.

Basi kila mtu amejifunza namna yake ya kuishi. Zamani mfanyakazi akipata mshahara alinunua chakula cha mwezi mzima. Siku hizi hata mwenye kazi nzuri hununua cha siku moja: sukari iliyofungwa katika karatasi ndogo, kipande cha sabuni badala ya mche, mafuta ya kutosha chungu kimoja. Wenye kuuza samaki nao wameamka. Mitumbwi ikifika ufukweni alfajiri, mama hupiga picha ya mukeke kwa simu, akaipeleka kwa wateja wake wa mjini, fedha zikaja kwa Lumicash kabla samaki hajaondoka Ruziba. Ni akili nzuri, ingawa jirani asiye na simu ya namna hiyo, afikapo na kikapu chake, hukuta ndagala tu. Mimi nimeifunga kaye yangu ya madeni isizidi juma moja, maana faranga inayolipwa mwisho wa mwezi si ile iliyokopwa mwanzoni. Walimu wangu wa zamani, ambao majina yao yalikuwa ndani ya kaye hiyo, wanisamehe.

Katika mambo hayo yote sioni wizi. Wizi nauona katika kipimo.

Mawese yatokayo Rumonge tumezoea kuyauza hapa kwa chupa ya Primus, ambayo ni sentilita 72. Kila mtu aijua. Lakini iko chupa nyingine ya bia, ya sentilita 65, na ukiiweka mezani peke yake huwezi kuitofautisha upesi. Muuzaji akibadili chupa na kuacha bei vile vile, mnunuzi hufurahi kwamba huyu hapandishi. Hebu wanafunzi wa hesabu wapige: amepandisha kwa zaidi ya kumi kwa mia, tena bila kuulizwa. Vivyo hivyo kopo la ndagala ambalo kitako chake kimegongwa kwa nyundo kikaingia ndani, na mche wa sabuni uliokatwa vipande kumi badala ya vinane.

Nayajua haya kwa sababu niliyafanya. Mwaka 2024 niliileta chupa ndogo, na kwa juma mbili hakuna aliyesema neno. Kisha akaja mama mmoja mzee akaangaye mandazi kando ya barabara ya Rumonge, mteja wangu wa kila asubuhi. Hakugomba. Aliiweka chupa mezani akasema, "Mwanangu, karai langu halikusoma shule, lakini lajua mafuta yalipokuwa yakifika." Nikamwambia mambo ya dola na petroli. Akajibu, "Hayo ungeniambia kwanza, ningeongeza bei ya mandazi." Akaenda zake, na wenzake wawili wakamfuata. Nikairudisha chupa ya 72 na bei kubwa zaidi. Yeye alirudi baada ya miezi miwili, na hata sasa huiinua chupa kwenye mwanga kabla hajalipa.

Jawabu lake lilinifunga kinywa, kwa kuwa ndiyo hesabu yenyewe. Ajuaye kwamba bei imepanda aweza kupanga: atapunguza chakula, ataongeza bei ya kazi yake, au atakwenda duka jingine. Aliyepunguziwa kwa siri huona tu kwamba mafuta hayafiki jioni, akamshuku mtoto au mke nyumbani.

Wenzangu sokoni hunijibu kwamba mtu mwenye faranga 1,000 mkononi hawezi kuongeza hata moja, na kwa hiyo kumpunguzia kipimo ni huruma. Mimi nasema, muuzie nusu chupa na uiite nusu chupa. Mwenye kununua kidogo ana haki ya kujua ukidogo wake kama vile tajiri anavyojua gunia lake.

Ninyi mnaosoma hesabu, acheni kuhesabu bei zetu peke yake. Njooni Jumamosi moja na chupa mliyoipima shuleni, mzunguke soko zima la Ruziba mkijaribu vipimo vyetu mbele ya watu. Wako watakaokasirika, na huenda mkafukuzwa mahali pawili au patatu. Anzeni kwangu, mizani iko juu ya meza, na duka hufunguliwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi.