Mfumo unaolingana na kila bei

Mwekezaji mdogo anayeuziwa mfumo wa kukisia bei za hisa huonyeshwa jinsi unavyolingana na bei za miaka iliyopita. Hapo ndipo fedha zake zinapoanza kupotea. Mfumo unaorekebishika kila upande utalingana na bei zozote.

Mwanzoni mwa 2002 iliripotiwa kwamba sarafu ya euro moja ya Ubelgiji, ilipozungushwa mara 250, ilionyesha kichwa mara 140. Mtakwimu mmoja wa London alisema sarafu isiyoegemea upande ingetoa matokeo ya kupita kiasi hivyo chini ya mara 7 kati ya 100. Sarafu ikashukiwa.

David MacKay wa Cambridge alipiga hesabu kwa njia ya Bayes, akishindanisha modeli mbili. Moja inasema nusu kwa nusu. Nyingine inaruhusu kiwango chochote. Hii ya pili ni kama mfanyabiashara aliyetawanya mtaji wake kwenye kila bidhaa: haikosi iliyopanda bei, ila aliyoiwekea ni kidogo mno. Ushahidi ukaipendelea nusu kwa nusu, kama mbili kwa moja. Hata modeli ya pili ikiwekewa asilimia 56 ileile baada ya matokeo kujulikana (ujanja mtupu), inashinda kwa mara sita tu.

Wapinzani husema mtawanyo wa mwanzo huchaguliwa na mtu. Ni kweli. Basi muuza mfumo naye aandike dau lake kabla soko halijafunguliwa, ndipo alipwe.