Nani Kakwambia Wasichana Wametulia?

Jumamosi moja kijiweni kwetu, pale tunapokutana kusomeana hadithi na mashairi, mwenzetu mmoja aliuliza kwa nini wasichana wanaoleta kazi zao ni wachache. Mshikaji mwingine akajibu upesi, kana kwamba jibu alikuja nalo mfukoni: "Uandishi unataka utundu, bwana. Mtoto wa kiume tangu mdogo ni mtundu. Atapanda miti, atafungua redio ya baba aone kilichomo. Wa kike ametulia. Ndivyo walivyoumbwa." Watu wakacheka. Na mimi nikacheka. Leo nakijibu kicheko changu mwenyewe.

Nina dada aliyenitangulia kwa mwaka mmoja na miezi kadhaa. Tumekulia Temeke, kwenye nyumba ya vyumba sita, bomba moja na choo kimoja. Tulisoma shule moja na tulirudi kwa njia moja. Tukifika mlangoni tu, njia zinaachana. Mimi natupa madaftari kitandani, huyo, nakimbilia chandimu. Yeye anapokea ndoo. Kuna maji ya kuteka, vyombo vya mchana, mchele wa kuchambua, na mdogo wetu wa mwisho wa kubeba mgongoni. Saa kumi na mbili jioni narudi nina vumbi hadi kwenye nyusi, goti limechubuka, na hadithi tatu za kusimulia. Mama ananifokea huku anacheka: "Mtoto huyu mtundu!" Dada yuko uani anapepea jiko la mkaa. Jirani anampa sifa yake: "Huyu wako wa kike ametulia kweli."

Jamani, asingetulia vipi? Hebu jitwike ndoo ya lita 20 kichwani, kisha jaribu kuruka-ruka. Ule tuliouita utulivu ulikuwa kazi. Na ule tuliouita utundu wangu ulikuwa muda wa bure, ambao bei yake aliilipa dada.

Najua mtakachoniambia. Eti ni maumbile. Sikatai kila kitu. Watu waliowachunguza watoto wakicheza wameona mara nyingi kwamba wavulana, kwa wastani, hupenda zaidi michezo ya kukimbizana na kuangushana. Wasichana nao huanza kubalehe mapema kuliko wavulana, kwa mwaka mmoja au miwili hivi. Lakini wastani si mtoto. Mtaani kwenu wapo wavulana wapole na wasichana moto wa kuotea mbali, na unawajua. Tazama tunavyowafanya. Msichana akipanda mwembe anaitwa jikedume. Mvulana akilia msibani anaambiwa, "Nyamaza, unalia kama mwanamke." Sasa hayo ni maumbile gani yanayohitaji kulindwa kila siku kwa matusi na fimbo? Jua halifokewi ndipo lichomoze.

Au umesahau rede? Wawili wanarusha mpira kwa nguvu zote, mmoja huku, mmoja kule. Aliye katikati anaukwepa, anainama, anajaza mchanga kwenye chupa, anaruka tena kabla hajapigwa. Huo ni mchezo wa wasichana. Mimi niliwahi kujaribu kuingia katikati, nikapigwa hata kiganja cha kwanza cha mchanga sijakitia. Wakanicheka mpaka nikatoka mbio. Aseme mtu sasa kwamba hawa wamezaliwa wametulia! Utundu wanao. Kilichokuwa kikiukatisha ni sauti ya kutoka uani: "We mtoto, njoo usonge ugali!"

Mkumbuke pia Siti binti Saad, wa Fumba, Unguja. Alikuwa binti wa ukoo maskini, akiuza vyungu kwa kutembeza, na sauti yake ikajulikana kwa kunadi biashara. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi nyimbo kwenye sahani za santuri, na baadaye Shaaban Robert akaandika wasifu wake. Mimi nasema biashara ile ilimpa vitu viwili ambavyo wasichana wengi hunyimwa: njia ya kutembea na ruhusa ya kupaza sauti. Je, ni wangapi waliokuwa na koo kama lake wakaambiwa, "Mtoto wa kike haongei kwa sauti hivyo"?

Na msidhani haya ni mambo madogo ya watoto na vyombo. Neno "ametulia" lina ndugu yake, "amekomaa". Msichana wa miaka kumi anayepika, anayelea na asiyejibu, watu wazima humwona mtu mzima mwenzao. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilimwekea mwanamume miaka 18 na mwanamke miaka 15. Rebeca Gyumi alikwenda mahakamani kuipinga, na mwaka 2016 Mahakama Kuu ikasema vifungu hivyo vinakwenda kinyume cha Katiba. Serikali ikakata rufaa, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikasimama palepale. Unaona sifa ya jirani ilikokuwa inaelekea? Mvulana wa miaka 15 ni mtoto mtundu, aachwe acheze. Msichana wa miaka 15 ametulia, basi aolewe.

Narudi kwa dada yangu. Darasa la sita mwalimu aliisoma insha yake mbele ya darasa zima. Yangu haikusomwa hata siku moja. Mwaka tulipohama nyumba ile nilikuta daftari lake chini ya godoro. Alikuwa ameanza hadithi. Kurasa nne zimejaa, ya tano imeishia katikati ya sentensi. Nikamuuliza, "Dada, mbona hukumalizia?" Akalitazama kidogo, akasema, "Mama aliita."

Sasa mimi ndiye ninayeitwa mwandishi.

Ndugu zangu wavulana wa kijiwe hiki, kikao chetu kinaanza saa kumi na moja jioni, saa ambayo majiko yote ya uswahilini yanawashwa. Saa hiyo tumeiweka wenyewe, kisha tunavishangaa viti vitupu na kusingizia maumbile. Mimi napendekeza tuibadili, na tuwaulize wao saa ipi inawafaa. Lakini hiyo peke yake haitoshi. Jumamosi ijayo, kabla hujatoka na shairi lako mfukoni, pita uani ulitazame karai la vyombo. Likiwa limejaa, weka shairi pembeni, kunja mikono ya shati, uoshe. Mwambie dada yako atangulie. Wewe ukichelewa tutakungoja.