Manivele ya Ford T

Vijana wanauliza: mutu anayejua kuendesha Toyota, atashindwa na gari ya zamani? Atashindwa. Tuchukue Ford T, iliyotengenezwa Marekani toka 1908 mpaka 1927. Pedali ni tatu, lakini ya katikati ni ya kurudi nyuma! Ya kuume njo freni. Ya kushoto ni ya vitesi. Esanse unaiongeza kwa mukono, karibu na usukani.

Hatari kubwa ni manivele. Kwanza vuta freni ya mukono mpaka mwisho, kwani ndiyo inaachanisha vitesi. Usipofanya hivi, gari itawaka na kukupanda. Halafu pandisha kijiti cha kushoto cha usukani, ili moto uchelewe. Moto ukiwahi, manivele inarudi kwa nguvu na kuvunja mukono. Shika kwa mukono wa kushoto, kidole gumba upande mumoja na vingine, na uvute juu. Kusukuma chini, hapana. Wababa, watoto wasiiguse.

Moteri hii haina pompi ya mafuta. Chini yake kuna robine mbili ndogo. Fungua ile ya chini: kama hakuna kinachotoka, usiwashe.